Sindano ya Ulezi

Mizani ilisema kilo thelathini na tisa, na Mama Gervas akasema basi ni gauni, leo amevaa jepesi.

"Gauni halina kilo tatu," nikamwambia. "Mwezi uliopita ulikuwa na arobaini na mbili."

"Mwezi uliopita nilivaa sweta." Alishuka, akavaa ndala zake, akarudi chumbani kwa Mama hata kabla sijaandika. Mezani jikoni, sahani ya viazi niliyompakulia saa moja ilikuwa vilevile, mafuta yameganda kwa baridi ya Kilolo, ambayo haimwonei huruma mtu wala chakula.

Nilimsikia akisema na Mama kule ndani. "Haya mama yangu, tunageuka. Taratibu, mama yangu. Umeona? Tumegeuka." Kila baada ya saa mbili, kwa miaka miwili na miezi minne, alikuwa akimgeuza Mama ubavu ili ngozi isichubuke. Na ngozi ya Mama, nawaambia mimi niliyeikagua kwa lenzi, haikuwa na kidonda hata cha ukubwa wa kiroboto. Hakukuwa na mzee aliyepooza katika wilaya nzima aliyetunzwa hivyo. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikaa jikoni nikavila vile viazi vyake kwa hasira, na ubaridi wake.

Juu ya kabati, ndani ya kiboksi cheupe, sindano ya mwezi ilikuwa imeshafika. Droni ya zahanati iliishusha uani asubuhi ileile na kutangaza kwa sauti yake ya mtangazaji wa mpira: "Ulezi umewasili. Ulezi umewasili." Jina hilo lilichaguliwa na watu waliosahau kwamba ulezi ni nafaka pia. Mama, alipokuwa bado ana maneno, aliisikia droni akauliza kwa nini ulezi unafika kila mwezi na uji hauonekani. Hayo yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho. Baada ya hapo alibaki na jicho moja zima, mkono mmoja mzima, na kimya.

Kwa sheria, anayemchoma mlezi sindano ile ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba nilikuwa mimi.

*

Makosa yalianza kwangu, kwa hiyo acheni niyaeleze mwenyewe.

Naitwa Twilumba, na kazi yangu ni nyigu. Si wale wanaojenga chini ya paa na kuwauma watoto. Nyigu wangu ni mdogo kuliko punje ya ulezi, anaishi katika msitu ulio juu ya kijiji chetu, na vitabuni hana jina, ana namba. Watu watatu duniani wamewahi kuandika habari zake, na wawili kati yao ni mimi, maana mara moja niliandika kwa jina la ndoa.

Nyigu huyu hutafuta kiwavi, humchoma, humtagia ndani mayai sitini au sabini. Kiwavi huendelea kula majani yake kana kwamba hakuna lililotokea, huku akiwalisha wapangaji. Siku ikifika mabuu hutoboa ubavu wake, hutoka, na kujifuma vifuko vyeupe vya hariri palepale chini ya tumbo lake. Ungetarajia kiwavi afe. Hafi. Hujikunja juu ya vile vifuko, huvifunika, na mdudu yeyote akisogea humpiga kwa kichwa. Hali tena. Jani liko kando ya mdomo wake, haligusi. Huwalinda waliomla mpaka watoke na mabawa yao, ndipo anapokufa.

Wazee wetu waliokwenda kuchuma uyoga walimwona, wakamwita mama mlezi. Waliwapeleka mabinti waliokaribia kuolewa wakamtazame, wajue mtoto hulindwa vipi. Bibi yangu alinipeleka mimi. Nilikuwa mtu mzima, nina hadubini, nilipogundua kwamba wale si watoto wake, na kwamba si wote wanaotoka. Buu mmoja au wawili hubaki ndani ya kiwavi, wakimwendesha. Kosa la wazee wangu lilikuwa zuri mno, nikachelewa kuliandika.

Waliokuja kuyasoma maandishi yangu walikuwa na shida yao. Nchi ilikuwa imejaa wazee, na vijana wa kuwageuza hawakutosha. Walezi walikimbia kazi. Wengine waliwapiga wazee, wengine waliwafungia ndani wakaenda zao. Basi wataalamu wakachukua kile ambacho buu humwagia kiwavi, wakakizalisha kwenye mapipa ya hamira, wakakipunguza makali kifae damu ya binadamu. Sindano moja chini ya ngozi ya mkono, kila siku ishirini na nane. Aliyechomwa hakasiriki, hachukii mkojo wala kelele, hatamani kuondoka. Wanasema hachoki. Kusema kweli anachoka, ila habari za uchovu hazimfikii, wala za njaa. Kipeperushi kinasema hamu ya chakula huweza kupungua kidogo.

Ikatungwa sheria kwamba asiye ndugu wa damu halei mzee bila kuchomwa. Ndugu wa damu tumesamehewa. Sheria inaiamini damu, na mimi ni ushahidi kwamba inakosea. Mama alipopooza nilidumu siku sita. Niliuogopa mwili wake, uzito wake, jinsi alivyonitazama nikikosea. Siku ya saba nikarudi bandani kwa viwavi wangu, na nilikuwa na visingizio vya kutosha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliuona mwepesi hata ulipokuwa wangu, madhali mwenzangu ndiye aliyeubeba.

Mwenzangu huyo ni Otilia Nyoni, Mama Gervas, Mngoni wa Songea, mjane, jirani yetu tangu nikiwa sekondari. Yeye na Mama walikuwa watani. Kati ya Mhehe na Mngoni hilo halihitaji maelezo marefu: babu zao walipigana, wajukuu wanatukanana, na atakayenuna ndiye mjinga. Kila asubuhi Mama Gervas alisimama uani kwetu na kupaza sauti, "Nyie Wahehe, mbwa wangu hajaonekana tangu jana. Fungueni sufuria nione!" Mama humjibu kutoka jikoni, "Ingia, ila waache panya wako nje, hatujakosa kitoweo kiasi hicho." Kisha wanakunywa chai. Nimekua nikiamini kwamba chai hainyweki bila matusi.

Mama alipougua na mimi nikashindwa, alikuja mwenyewe, akakunja mkono wa gauni. "Nichome," akasema. "Mtani wangu akifa nitamtukana nani?" Nikamchoma.

Tangu siku ile hakumwita tena mtani. Alimwita mama yangu. Nilidhani ni heshima.

*

Niliwaza kuijaza sindano maji. Hilo lingekuwa rahisi: angenyoosha mkono, ningemchoma, asingejua. Nilikwenda hata kuchukua chupa ya maji yaliyochemshwa. Nikaona nitakuwa nimefanya kama nyigu, kuingiza mwilini mwa mtu uamuzi ambao si wake. Nikairudisha chupa mahali pake.

Badala yake nilingoja amalize kumgeuza Mama, nikamvuta mpaka bandani nyuma ya nyumba. Alikubali dakika kumi. Alisimama mlangoni, sikio moja likiwa ndani ya nyumba.

Nilimfunulia chandarua. Kiwavi alikuwa juu ya kijiti, amejikunja, vifuko vyeupe chini yake vimepangana.

"Siku ya tano hajala," nikamwambia. "Jani hilo hapo."

Mama Gervas akainama. Mifupa ya mabega yake ilionekana kupitia gauni. Alimtazama kwa muda, uso wake ukalainika.

"Mzuri," akasema. "Hakuna aliyemfundisha."

"Amefundishwa, Mama Gervas! Ndiyo ninayokuambia. Wamo ndani yake. Si yeye anayetaka."

"Umejuaje anachotaka?"

"Anakufa njaa."

"Na wewe unapompenda mama yako, nani yumo ndani yako?" Hakuniuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Utakufa," nikasema.

"Kila mtu."

"Na nisipokuchoma leo?"

"Nitakwenda zahanati wanichome wao. Mama yangu hawezi kukaa bila mtu." Akaanza kuondoka.

Hapo nikakasirika. Sikumkasirikia yeye, ila aliyekuwa karibu ni yeye. "Basi kamtanie!" nikamwita. "Wewe Mngoni, yeye Mhehe. Ingia ndani umtukane. Tusi moja tu, nami nakuchoma bila neno."

Aligeuka akacheka. "Hilo tu?"

Tukaingia. Mama alikuwa ameelekea ukutani. Mama Gervas akazunguka kitanda ili waonane uso kwa uso, akashika kiuno kama zamani. Jicho zima la Mama likamfuata. Niliona kona ya mdomo wake ikitikisika, kama ya mtu anayejiandaa.

"Wewe," Mama Gervas akaanza. "Wewe Mhehe..."

Tukangoja.

"Wewe Mhehe... ni mzuri." Alijisikia mwenyewe, akakunja uso. Akajaribu tena, akafungua mdomo, akaufunga. Akanigeukia. "Wahehe walikuwa wanakula nini vile?"

"Mbwa," nikamwambia.

"Masikini," akasema, kwa huruma ya kweli kabisa. "Labda walikuwa na njaa."

Mama akafumba jicho.

Sijawahi kumwona mtu akiogopa kama Mama Gervas alivyoogopa wakati ule. Alikaa pembeni ya kitanda, akapapasa shuka kana kwamba tusi limeangukia hapo. "Nimelitafuta, Twilumba," akasema polepole. "Nilikuwa nayo mengi. Nilikuwa na moja la kila siku. Sasa namtazama, sioni cha kumcheka. Na mtu asiye na cha kuchekwa..." Hakumaliza. "Miaka miwili huyu hana mtani, na mimi nimekaa naye chumba kimoja."

Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono. Ilikuwa baridi na myepesi.

"Usinichome," akanong'ona. "Nasema sasa hivi, kwa kuwa nimeogopa. Baadaye sitaogopa. Nitakuja kukuomba, nitalia, nitakuapia kwa Gervas. Usinipe."

"Nitajuaje yupi wa kumsikiliza?"

"Msikilize huyu aliyeogopa," akasema. Kisha, ndani ya dakika moja, uso wake ukalainika tena, akatazama saa ya ukutani.

*

Nilijiandikisha zahanati kuwa mlezi wa mama yangu. Muuguzi kwenye skrini aliniuliza nina uzoefu gani. Nikamwambia siku sita. Mama Gervas nikambakiza nyumbani kama mgeni, kwenye chumba changu.

Wiki ya kwanza dawa ilikuwa bado ndani yake, akawa mwalimu wangu. Alinionyesha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, na kwamba unavuta kwa miguu yako, si kwa mgongo. Alinionyesha jinsi ya kumlisha Mama upande wenye uhai. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, nimehesabu nywele za miguu ya nyigu, na sikujua kwamba mama yangu ana alama nyeusi nyuma ya goti.

Siku ya tisa dawa ilianza kumtoka. Nilikuwa nikiosha vyombo mchana, nikasikia ndala, nikageuka, nikamkuta amepiga magoti sakafuni jikoni. Mwanamke anayenizidi miaka kumi na miwili, aliyewahi kunichapa kwa kuiba mapera yake.

"Nichome, mwanangu."

"Inuka, Mama Gervas. Tafadhali."

"Kuna kitu kinakuja," akasema. "Kikubwa. Nakisikia kwa mbali. Nichome kabla hakijafika. Namwona mama yako pale kitandani na simwoni vizuri, anakuwa kama mtu wa njiani. Unataka nimwache? Ndiyo unachotaka? Wewe uliyemkimbia siku ya saba?"

Neno hilo liliingia lilipolengwa. Na lililoniumiza zaidi ni kwamba sikuwa na hakika. Aliyeniambia nisimchome alikuwa na dawa mwilini. Anayeniomba nimchome ana dawa kidogo kuliko yule. Kwa hesabu hiyo wa leo ni huru zaidi. Huenda nilimwamini yule wa kwanza kwa sababu tu alisema nilichotaka kusikia. Niliitazama sindano juu ya kabati. Ningeweza kuimwaga, ningeweza kumpa. Niliiacha palepale ilipokuwa, nikakaa sakafuni karibu naye, nikamkumbatia huku akinipiga kifuani kwa ngumi zisizo na nguvu, akiniita muuaji. Tulikaa hivyo mpaka saa ya kumgeuza Mama.

Kilichokuja kilikuwa uchovu wa miaka miwili na miezi minne, wote kwa pamoja. Alilala siku tatu. Niliwalisha uji kwa kijiko, yeye na Mama, mmoja chumba hiki, mwingine chumba kile. Siku ya kumi na tatu aliamka akiwa na njaa, akala ugali na mnafu, akala viazi, akala ukoko wa sufuria kwa vidole, halafu akalia kwa maumivu ya magoti ambayo aliyasikia kwa mara ya kwanza.

Na Mama akapata kidonda, kwenye nyonga ya kulia, kikubwa kama harage. Ilikuwa kazi ya mikono yangu. Niliwahi kusinzia nikamchelewesha saa nzima. Nilipokiona nililia mbele yake bila aibu. Alininyooshea mkono wake mzima, akanigusa kichwani, akauacha hapo. Sijui kama alikuwa akinisamehe au akitafuta pa kujishikilia. Nilichukua yote mawili.

*

Siku ya ishirini, saa nne asubuhi, nilikuwa nikimgeuza Mama nikakwama katikati. Mama Gervas akatokea mlangoni. Alikuwa amepata mashavu kidogo, na uso wake ulikuwa umekunjamana, uso wa mtu aliyelala vibaya.

"Toka hapo," akaniambia. "Unamgeuza kama gunia."

Aliingiza mikono, mmoja begani, mwingine nyongani. Akavuta. Akasimama ghafla, akashika kiuno, akapumua kwa nguvu.

"We Mhehe!" akafoka. "Mzito hivi kwa nini? Umemmeza mbwa na mnyororo wake?"

Mama alitoa sauti nikadhani amepaliwa, nikaruka kumwinua. Hakuwa amepaliwa. Nusu ya mdomo wake ilikuwa imepanda juu, machozi yanatoka kwenye jicho zima, na kifua kinaruka. Alikuwa anacheka. Halafu midomo ikahangaika, ulimi ukatafuta njia, na kwa shida, vipande viwili, akasema:

"Pa... nya."

Mama Gervas alipiga kelele iliyowarusha kuku wa jirani. Akaangukia kitandani karibu na Mama, akamshika shavu, akamtukana yeye, ukoo wake, ulanzi aliokunywa ujanani na meno aliyobakiza, akicheka na kulia, na Mama akimpigapiga kwa mkono wake mmoja. Mimi nilisimama nimeshika mto. Sikuhitajika, na sijawahi kufurahia kutohitajika kama siku ile.

Walipotulia, Mama Gervas alikaa akajifuta uso kwa kanga. Alitazama chumba: beseni, shuka, dirisha, saa ya ukutani. Alikitazama kama mtu aliyeshushwa hapo sasa hivi.

"Nimechoka, Twilumba," akasema. "Mgongo, magoti, roho. Na huyu mtani wangu ananuka mkojo. Nilikuwa sijui." Akashusha pumzi. "Kesho siji."

Ingawa alikuwa akilala chumba cha pili, nilimwelewa.

"Keshokutwa?"

"Sijui. Usiniulize. Nakwenda Songea kwa Gervas, nikalale mpaka nichukie kulala. Labda nitarudi. Labda nitayaona mliyonifanyia, wewe na nyigu wako, nisitake hata kuiona barabara ya huku."

"Una haki."

"Najua nina haki. Sikukuomba unipe." Hiyo ilikuwa hasira, safi kabisa, na ilinielekea mimi. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Alifunga mfuko wake mchana uleule. Alipokuja kuaga alisimama kwenye kizingiti cha chumba cha Mama, hakuingia. Sindano ilikuwa juu ya kabati jikoni, aliipita mara tatu akikusanya vitu vyake. Hakuinua macho.

"Mhehe," akamwambia Mama. "Usife nikiwa safarini. Sina nauli ya kuja kulia kwenu."

Mama akainua mkono mzima, akampungia aende zake, kama tunavyofukuza mbuzi shambani. Mama Gervas akacheka mpaka barabarani; nilimsikia.

Nilibaki mlangoni nikiwa na furaha na hofu, na sikuweza kuzitenganisha. Huenda asirudi. Kwa miaka miwili asingeweza kuondoka, kwa hiyo kubaki kwake hakukuniambia kitu. Sasa ameondoka, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba alimpenda mama yangu. Nilitamani kumkimbilia nimwambie. Lakini ilikuwa imetimia saa sita. Nikaingia ndani, nikaweka mkono mmoja chini ya bega la Mama na mwingine chini ya nyonga, upande usio na kidonda, nikavuta kwa miguu. Mama alinitazama kwa jicho lake zima nilivyokuwa nikihema, akangoja nimalize.

"Gu... nia," akasema.